Biskuti kwa Mchuzi: Mwingereza na Mmarekani Ndani ya Nyumba Moja ya Mji wa Kale

Ukiketi kwenye baraza yoyote ya Mji wa Kale, iwe Kibokoni, Kuze au Ndia Kuu, na akapita mtalii mwenye uso mwekundu kwa jua na kamera kifuani, hutamsikia mzee yeyote akiuliza kama mpita njia huyo ni Mwingereza ama ni Mmarekani. Huyo ni Mzungu, basi, maneno yamekwisha na kahawa iendelee. Na kwa kweli wote wawili husema Kiingereza, wote huvaa kaptura, na wote hupotea vichochoroni wakiitafuta Ngome ilhali iko nyuma ya migongo yao.

Lakini neno hilo moja halitutoshi tena. Nyumba zisizo na mtoto, mjukuu au shemeji aliyevuka bahari si nyingi hapa mjini petu. Kuna waliokwenda London wakakaa, na kuna waliokwenda Marekani wakaoa na kuolewa na kuzaa huko. Watoto hao wanaporudi likizo huja na Viingereza viwili na desturi mbili, na sisi tuliobaki nyumbani ndio tunaokaa katikati yao kama wakalimani. Mimi nimeifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa, nikifasiri Kiingereza kwa Kiingereza baina ya watu wa damu moja, na siku moja mambo hayo madogo ya kuchekesha yalikaribia kutuvunjia nyumba ya marehemu baba yetu. Habari ya nyumba nitaifikia. Kwanza tuwatazame wageni wenyewe, maana hawakufika pwani hii jana.

Mwingereza alitutangulia kwa bendera. Mwaka 1824 Kapteni Owen wa manowari iitwayo Leven alikubaliana na Wamazrui, bendera ya Uingereza ikapepea juu ya Mombasa, na ilipofika 1826 ikateremshwa. Jina la manowari ile lingaliko mpaka leo kwenye jumba la Leven hapa Mji wa Kale, na luteni wake, Reitz, aliyefariki huku, ndiye aliyeachia jina lake ghuba ya Port Reitz. Kisha Mwingereza akarudi na kampuni yake 1888, akarudi na serikali 1895, akaanza kutandika reli kutoka kisiwani hapa 1896, na hakufunga mizigo mpaka 1963.

Mmarekani hakuja na bendera, alikuja na bidhaa. Mwaka 1833 Seyyid Said alitia sahihi mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa Marekani alikuwa amekwishaweka kiti chake Unguja. Yule wa Mwingereza alifika 1841, miaka minne baadaye. Nayo jahazi ya Seyyid Said iitwayo Sultana ilitia nanga New York mwaka 1840, mjumbe wake akiwa Ahmad bin Naaman, ikiwa imechukua zawadi za Rais, na miongoni mwa zawadi hizo farasi wawili wa Kiarabu. Maskini Rais Van Buren! Sheria za kwao hazikumruhusu kupokea zawadi ya mfalme wa kigeni kwa nafsi yake, ikabidi Bunge lao likae liamue. Kwetu sisi mtu kukataa zawadi ya mgeni ni fedheha. Kwao kuipokea ndiko kwenye kasoro.

Kilichobaki mwilini mwetu kutokana na biashara ile ni ule ujora wa pamba tulioupa jina la wauzaji wake, merikani. Ulitoka viwanda vya Massachusetts ukaletwa na mabaharia wa Salem, na kwa miaka mingi ulitembea na misafara ya bara kama fedha. Vita vya wao kwa wao vya 1861 hata 1865 vikaukatisha, Waingereza na Wahindi wakaingia sokoni na vitambaa vyao, lakini jina la merikani halikuondoka. Basi Mmarekani alituvika, na Mwingereza akatutia maneno kinywani.

Hayo ya kinywani ndiyo hasa ninayotaka tuyatazame. Nenda kwenye gereji yoyote hapa kisiwani umsikilize fundi. Atakwambia fungua boneti, tia mizigo kwenye buti, madigadi imepinda, silensa imetoboka, nipe spana namba kumi na tatu, na usisahau petroli. Fundi huyo pengine hakumaliza madarasa, lakini hakuna neno hata moja kati ya hayo ambalo Mmarekani angelitumia. Kwake yeye boneti ni kofia ya kike, spana ina jina jingine kabisa, na petroli huiita gesi, ingawa ni majimaji na yeye mwenyewe ayaona. Lori letu ni la Mwingereza. Tochi yetu ni ya Mwingereza. Hata soka, neno ambalo Waingereza wa leo huwacheka Wamarekani kwa kulitumia, lilizaliwa Uingereza kwa wanafunzi wa karne ya 19, nasi tukalichukua bila kuuliza nani atalikana.

Mzee mmoja aliyeendesha teksi zamani alinisimulia kisa cha miaka ya 1980. Mwaka 1980 serikali za Kenya na Marekani zilikubaliana manowari za Kimarekani zitumie bandari ya Mombasa, na zikiingia Kilindini mji hujaa vijana wenye kofia nyeupe. Mmoja wao akamwambia mzee wetu, kwa adabu kabisa, atie mkoba wake kwenye "trunk". Mzee akajibu kwamba yeye hana tranki, tranki yake iko nyumbani chini ya kitanda, hapa ana "boot" tu. Yule baharia akainama akayatazama viatu vyake. Wakasimama hivyo chini ya Mapembe, huyu akimwonea huruma yule, hata mzee akazunguka nyuma ya gari na kulifungua lile buti. "Ah!" akasema baharia. "Trunk!" Mzee akasema, "Boot!" Wakaenda zao Nyali, kila mtu na lake.

Sasa tuingie nyumbani kwetu. Mama yangu yu hai, namshukuru Mwenyezi Mungu, na ana wajukuu pande zote mbili. Kaka yangu mkubwa yuko London, na mwanawe mkubwa ni mhasibu huko. Dada yangu yuko Ohio, na mwanawe ni mtu wa kompyuta. Vijana hawa wamepishana miezi michache tu kwa umri. Mmoja huniita ami na mwingine huniita mjomba, na wote wawili humbusu bibi yao mkono kama walivyofundishwa, wakaitikiwa marahaba.

Asubuhi ya kwanza walipokutana hapa wakiwa watu wazima, mama aliwauliza huko waliko hufungua kinywa kwa nini. Kijana wa Ohio akasema kwamba yeye, kama watu wa kusini mwa Marekani ambako alisomea, hupenda sana biskuti kwa mchuzi.

Mama akaweka chini kijiko. "Biskuti? Kwa mtuzi?"

"Naam, bibi. Mchuzi mzito mweupe, wamwagiwa juu yake."

"Wallahi nti hiyo ina mambo," mama akasema. "Na hizo biskuti haziyeyuki?"

Ikabidi kijana aeleze kwa mikono. Kumbe biskuti ya Mmarekani si hii yetu kavu ya kuchovya kwenye chai. Ni mkate mdogo laini uliovimba, wa kuliwa moto. Mchuzi wake wengi hutia nyama ya nguruwe, lakini mkewe humpikia wa kuku. Hii yetu ya kuchovya wao huiita jina jingine. Yule wa London akacheka akasema huo mkate mbona ni "scone", na kwao huliwa kwa jamu na malai. Mama aliposikia hilo uso ukamkunjuka. "Skonzi! Si museme skonzi!" Maana skonzi twaijua, tumeila tangu shuleni, ingawa hii yetu nayo imekuwa kama bofulo na Mwingereza hataitambua. Wakaendelea kubishana, huyu na jamu yake na huyu na mchuzi wake, hata yakaletwa mahamri na mbaazi za nazi, na hapo mabishano yakafa yenyewe.

Chai ilizua mengine. Mwingereza humimina chai kavu kisha akaidondoshea maziwa, na wako wanaoshindana kwa dhati kipi kitangulie kikombeni. Mmarekani, hasa wa kusini, hunywa chai baridi yenye barafu na sukari nyingi. Mama aliona kwamba wote wawili hawajui chai, kwa kuwa hawaichemshi pamoja na maziwa, iliki na tangawizi, na mimi kwa hili niko upande wake. Nilipomwambia kwamba mwaka 1773 watu wa Boston waliyatupa baharini masanduku 342 ya chai kwa sababu ya ugomvi wa kodi na Mwingereza, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama huo ndio wakati walipoanza kuinywa baridi.

Mengine yalikuwa madogo zaidi. Chipsi za London ni hizi zetu, za moto. Chipsi za Ohio ni vile vipande vyembamba vya pakiti, jamaa wa karibu wa kachri za muhogo tununuazo pale Mama Ngina. Swichi ya taa ya London na ya Mombasa huwashwa kwa kubonyezwa chini, na ya Marekani kwa kusukumwa juu, kwa hiyo kijana wa Ohio wiki nzima alikuwa akiizima taa anayodhani anaiwasha. Dada yangu alimletea mama mashine ya kusagia tui kutoka huko. Stima ya Marekani ni volti 120, yetu ni 240 kama ya Uingereza, au karibu yake. Mashine ilinguruma kama simba kwa dakika moja, ikatoa moshi, na mama akarudi kwenye mbuzi yake ya kukunia nazi bila majuto yoyote.

Kuna neno moja ambalo nitalitaja kwa kuomba radhi. Vijana walikuwa wametoka kuswali Ijumaa, na yule wa Ohio, akitaka kumsifu binamu yake mbele ya wazee, akamwambia kwa Kiingereza kwamba "pants" zake ni nzuri sana. Kwake yeye maana yake ni suruali. London maana yake ni ile nguo ya ndani isiyotajwa mbele za watu. Yule wa London aligeuka rangi, akavuta kanzu yake chini, na nadhani mpaka leo hajui kwa nini wazee hawakushtuka. Hawakushtuka kwa kuwa walikuwa wakizungumza habari za mwezi kuandama.

Na maamkizi je? Mwingereza akikutana nawe hukuuliza kama uko sawa. Mmarekani husikia hivyo akadhani uso wake una dalili ya homa. Mmarekani naye hukuuliza u hali gani, na kabla hujafungua mdomo ameshapita, kikombe cha kahawa mkononi, kikubwa kama kopo la kuogea. Hili la kahawa la kutembea nalo huwashangaza sana wazee wetu. Kikombe chetu hujaa funda tatu, lakini huchukua saa nzima, maana muuza kahawa na dele lake hakuletei kahawa tu, hukuletea na habari za Kuze nzima.

Hayo yote ni ya kucheka. Sasa nieleze lile ambalo halikuwa la kucheka.

Nyumba ya marehemu baba iko kichochoroni nyuma ya Ndia Kuu. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake ni za boriti, na mlango wake una nakshi. Chini kuna duka dogo la fundi cherehani wa kanzu, aliyepangishwa na baba mwenyewe na hajakosa kodi. Juu yake ndipo anapokaa mama. Juu zaidi kuna vyumba vya wageni, na kisha paa. Baba alipofariki mirathi ilipigwa kama ilivyo sheria: mama akapata thumni yake, na kilichosalia tukapata sisi wana watatu, wanaume mafungu mawili mawili na dada yetu fungu moja. Kugawa kwenye karatasi ni rahisi. Nyumba yenyewe haigawiki, na paa lilikuwa limeanza kuvuja, na kulikuwa na mnunuzi mmoja aliyekuwa akija kila mwezi na bei mpya, akisema angefanya hoteli.

Mwezi wa Januari kijana wa London, kwa niaba ya baba yake, aliandika waraka wa jamaa kwa Kiingereza. Vijana hawa husema Kiswahili vizuri, lakini kukiandika hukuona kama kupanda mnazi. Waraka ulikuwa mfupi na wa heshima. Ulisema mambo matatu. Kwanza, kwamba wangependa "to table" suala la ukarabati. Pili, kwamba orofa ya kwanza ifanywe upya na iwekwe kwa ajili ya mama, asisumbuliwe tena na wapangaji. Tatu, kwamba karatasi za uwakala, zilizotiwa sahihi mbele ya wakili, ziwe zimefika Mombasa kabla ya 5/2, ili fundi aanze kazi kabla ya masika.

Mimi niliusoma kwa Kiingereza cha shule zetu, ambacho ni cha London, na kwangu ulikuwa wazi kama mchana. Lakini tuusome sasa kama ulivyosomwa Ohio.

Kwa Mwingereza, "to table" jambo ni kuliweka mezani lizungumzwe sasa hivi. Kwa Mmarekani ni kuliweka kando, lilale. Kwa hiyo dada yangu alisomewa kwamba kaka yake hataki kutengeneza nyumba. Na kwa nini mtu asitake kutengeneza, kama si kwamba amekwisha kubaliana na mnunuzi?

Orofa ya kwanza ya Mwingereza, na yetu, ni ile ya kupanda ngazi. Ya Mmarekani ni ile ya chini, ukanyagapo unapoingia mlangoni. Kwake hesabu huanzia ardhini. Kwa hiyo dada yangu alifahamu kwamba kaka yake anataka kumtoa fundi cherehani, mpangaji wa baba, na kumteremsha mama yetu akae dukani, karibu na mtaro na mikokoteni.

Na ile 5/2, kwa London na Mombasa, ni tarehe 5 Februari. Mmarekani hutanguliza mwezi, siku ikafuata. Kwa Ohio ilikuwa tarehe 2 Mei. Kaka yangu alipotuma ujumbe mwishoni mwa Januari kukumbusha kwamba siku imekaribia, mpwa wangu alijibu kwa moyo safi kwamba wakati bado upo tele. Kaka yangu aliuona ujumbe ule kuwa ni dharau tupu. Februari ikapita bila karatasi. Machi ikapita. Mvua za masika zikaingia, na usiku mmoja wa Aprili kipande cha dari ya juu, chokaa na vijiti vya boriti iliyooza, kikaanguka ndani ya chumba cha wageni. Alhamdulillahi, hakukuwa na mtu humo. Mama alikuwa chini yake, orofa moja, anaswali.

Maneno yaliyosemwa wiki ile sitayaandika. Kaka alisema kuna watu wanaongoja mama aangukiwe. Dada alisema kuna watu wamekwisha uza kaburi la baba na nyumba juu yake. Kisha dada akajitoa katika kundi la jamaa kwenye WhatsApp, na kwa miezi mingi watoto wa baba mmoja na mama mmoja hawakujuliana hali. Mama alikuwa akiniuliza kila jioni kama kuna aliyepiga simu. Huyu wa kule alikuwa amempigia yeye, na yule naye amempigia yeye. Alichotaka kusikia ni kama wamepigiana.

Disemba kulikuwa na arusi katika ukoo, na vijana wote wawili wakaja. Walikuja wakiwa wamebeba ugomvi wa wazazi wao. Walisalimiana kwa mikono mikavu. Siku ya tatu niliwaketisha sebuleni, nikautoa waraka ule niliokuwa nimeuchapisha, nikamwambia yule wa Ohio ausome kwa sauti na afasiri kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, na yule wa London asikatize. Alisoma la kwanza akafasiri: "Wanasema jambo la ukarabati liwekwe kando." Yule wa London aliruka kitini.

Nikawaambia kisa ambacho Winston Churchill amekitia katika historia yake ya Vita Kuu vya Pili. Maofisa wa Kiingereza walikuwa na karatasi ya jambo la haraka, wakawaambia wenzao Wamarekani kwamba wanataka kuiweka mezani. Wamarekani wakakataa kabisa, maana kwao huko ni kuitia mtotoni mwa meza na kuisahau, na wao waliiona karatasi ile kuwa ni muhimu. Walibishana muda mrefu, na kwa ukali, kabla ya kugundua kwamba wote walikuwa wakitaka jambo lile lile. Hao ni majemadari, wana wakalimani na makarani, na vita viko mlangoni.

Vijana hawakucheka mara moja. Yule wa Ohio alirudi kwenye waraka akaweka kidole kwenye 5/2, akautazama kwa muda. Akamuuliza binamu yake, "Mwezi wa pili?" Akaambiwa ndiyo. "Tarehe tano?" Ndiyo. Akatoka nje kumpigia simu mama yake, na tulisikia sauti ya dada yangu kutoka kwenye ile simu mpaka ndani, ingawa huko Ohio kulikuwa hata hakujakucha.

Kaka na dada wamezungumza. Sisemi yamekwisha yote; dari ile ilianguka, na gharama imekuwa zaidi ya ile ya kwanza, kwa kuwa boriti zilizooza zilikuwa nyingi kuliko tulivyodhani na nyumba za Mji wa Kale hazitengenezwi kwa saruji ovyo, zina taratibu zake za hifadhi. Lakini mnunuzi ameambiwa asije tena. Fundi cherehani yupo pale pale. Na sasa nyaraka za jamaa huandikwa kwa Kiswahili, mwezi ukitajwa kwa jina, na orofa zikiitwa kama mama azitavyo: tini, kwangu, na juu.

Juzi fundi wa chokaa alipomaliza dari, mama alitaka wote waje, London na Ohio, isomwe hitima ya marehemu na Maulidi hapo hapo nyumbani. Akanishikisha simu akawatumia ujumbe kwa sauti yake. Aliwaambia anawataka wote waje mfungo sita, bila kukosa.

Ule wa London ulijibiwa kwanza. "Bibi, mwezi wa sita ndio Juni?" Wa Ohio ukafuata baada ya dakika mbili, nao uliuliza vivyo hivyo.

Mama akanitazama. "Hawa wana," akasema, "wamesomeshwa wapi?" Nami nikaketi kuandika, kwa Kiswahili, kwamba mfungo mosi ndio Shawwali, mfungo pili Dhulkaada, mfungo tatu Dhulhija, na kwamba hesabu iendelee hivyo mpaka sita, na tarehe yenyewe tutaijua mwezi utakapoandama.